Damu Inapoulizwa Habari za Tumbo

   Kama una kikombe cha chai mkononi, kunywa taratibu, maana mazungumzo ya leo ni ya historia.

Wengi wenu mmewahi kutumwa maabara kwa ajili ya tumbo. Unafika, unafungwa mpira mkononi, damu inatolewa, unakaa kwenye benchi pamoja na wenzako, kisha unaitwa jina na kupewa karatasi. Mara nyingi karatasi hiyo huandikwa taifodi. Unanunua dawa, mtoto anameza, nafuu inakuja kidogo, na baada ya wiki chache tumbo linarudi pale pale. Anapimwa tena. Taifodi tena. Nimekutana na akina mama kliniki waliokuja na karatasi nne au tano za namna hiyo ndani ya bahasha moja, zote za mtoto mmoja.

Sasa jiulize. Linalouma ni tumbo, lakini aliyeulizwa ni mkono. Kwa nini damu iulizwe habari za tumbo? Na ikijibu, tuiamini kiasi gani? Maswali haya yana zaidi ya miaka 120, na katika miaka ya karibuni yamewafikisha wataalamu mahali pa ajabu: wanasoma kazi za jeni ndani ya damu ili kutambua ugonjwa wa matumbo. Leo nataka uijue safari hiyo yote, pamoja na mahali ilipokwama, ili siku mtu akikuambia kwamba tone moja la damu linaonyesha kila kitu, uwe na la kumuuliza.

Ugonjwa ninaozungumzia ni ule wa matumbo kuvimba na kutoka vidonda kwa muda mrefu. Ni ndugu wawili. Wa kwanza ni ugonjwa wa Crohn, ambao unaweza kushika mahali popote tangu kinywani hadi njia ya haja kubwa, na huchimba ndani ya ukuta wa utumbo. Wa pili ni kolaitisi ya vidonda, ambao hukaa kwenye utumbo mpana na kuchubua ngozi ya ndani. Katika magonjwa haya askari wa mwili, yaani chembechembe nyeupe za damu, hugeuka na kuushambulia utumbo wa mwenyewe. Hauambukizwi. Hautokani na uchafu wa mama jikoni, wala hakuna jirani aliyemtupia mtoto jicho. Ulaya na Marekani unajulikana sana. Huku kwetu hautajwi mara nyingi, lakini madaktari wa hospitali zetu kubwa wanaukuta. Shida ni kwamba dalili zake zinafanana mno na za wageni tuliowazoea: ameba, kuhara damu, na kifua kikuu cha matumbo.

Kufanana huko kuliwahi kumfikisha mtu karibu na kitanzi. Mwaka 1859, katika mji wa Richmond karibu na London, Uingereza, mwanamke mmoja aitwaye Isabella Bankes alishikwa na kutapika na kuhara damu. Alikuwa akiishi na daktari Thomas Smethurst, ambaye alimwoa hali ana mke mwingine. Mama huyo alizidi kudhoofika, na madaktari waliomtibu wakashuku kwamba analishwa sumu. Choo chake kilipelekwa kwa Alfred Swaine Taylor, mtaalamu wa sumu aliyeheshimiwa sana katika nchi ile. Taylor akapima, akasema ameona arseniki. Isabella akafa tarehe 3 Mei, na maiti yake ilipopasuliwa ikaonekana kwamba alikuwa na mimba changa.

Smethurst alishtakiwa, akahukumiwa kunyongwa. Lakini jambo moja halikukaa sawa. Ilibainika kwamba shaba ambayo Taylor aliitumia katika kipimo chake ilikuwa na arseniki ndani yake. Yaani kipimo kilikuja na sumu yake kutoka nyumbani! Na daktari mwingine, Samuel Wilks wa Hospitali ya Guy's, aliyachunguza matumbo ya marehemu, akaandika barua katika jarida la madaktari mwaka huo huo. Aliona utumbo uliovimba na kujaa vidonda, sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba na utumbo mpana pia. Hukumu ya kifo ikaondolewa, ingawa Smethurst alifungwa mwaka mmoja kwa kosa la kuoa wake wawili kinyume cha sheria yao. Madaktari wengi wa siku hizi wakiisoma barua ya Wilks wanaona ndani yake ugonjwa ambao leo tunauita wa Crohn.

Mama, nimekaa kwenye kisa hiki kwa sababu kipimo kinaweza kukosea kwa njia mbili. Kinaweza kushindwa kuona kilichopo, na kinaweza kuona kisichokuwapo. Hii ya pili ndiyo tunayoisahau, kwa sababu karatasi yenye muhuri ina uzito wake.

Baada ya Wilks miaka mingi ilipita bila ugonjwa huu kuwa na jina. Mwaka 1913 daktari mpasuaji wa Glasgow, Scotland, Kennedy Dalziel, alieleza wagonjwa ambao matumbo yao yalikuwa magumu na manene, na akasema yanafanana na ya ng'ombe wenye ugonjwa wa Johne. Wale mnaofuga mtauelewa haraka. Ni ugonjwa unaomfanya ng'ombe aharishe na kukonda ilhali anakula vizuri. Kisha mwaka 1932, katika Hospitali ya Mount Sinai mjini New York, madaktari watatu, Burrill Crohn, Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer, waliandika habari za wagonjwa 14. Zamani hizo mtu mwenye utumbo wa namna ile alihesabiwa kuwa na kifua kikuu cha matumbo. Hawa watatu walitafuta vijidudu vya kifua kikuu, hawakuviona, wakasema huu ni ugonjwa mwingine. Majina yao yalipangwa kwa alfabeti, kwa hiyo Crohn akatangulia, na ugonjwa ukabaki na jina lake.

Lakini angalia walivyoutambua. Walikuwa na kisu. Walifungua tumbo, wakatoa utumbo, wakautazama. Mgonjwa aliye hai angetazamwaje ndani bila kukatwa? Hapo ndipo damu ilipopewa kazi.

Kwa kweli ilikuwa imeanza kazi kabla ya Crohn. Mwaka 1896 mjini Paris, Ufaransa, daktari Fernand Widal alichukua maji ya damu ya mgonjwa wa taifodi, akayachanganya na vijidudu vya taifodi, akaona vijidudu vinashikana na kufanya mabonge. Sababu ni kwamba damu ya mtu aliyekutana na adui hutengeneza silaha za kumpiga adui huyo. Kwa siku zile lilikuwa jambo kubwa sana. Na kipimo hicho cha Widal ndicho hicho hicho ambacho wengi wenu mmepimwa hapa Kenya, katika vituo vingi na hata nyuma ya chemisti.

Tatizo lake ni hili. Silaha hubaki ghalani baada ya vita kwisha. Mtu aliyeugua taifodi zamani, au aliyepata chanjo yake, au aliyekutana na vijidudu vya ukoo wa taifodi, damu yake inaweza kufanya mabonge ilhali leo anaumwa kitu kingine kabisa. Njia bora zaidi ni kuiotesha damu yenyewe maabara ili kuona kama kijidudu cha taifodi kimo na kinakua. Hiyo huchukua siku kadhaa na haipatikani kila mahali, na sisi sote tunapenda majibu ya leo leo. Ndiyo maana karatasi za taifodi ni nyingi kuliko taifodi.

Kipimo kilichofuata kilikuja kwa njia ambayo itawafurahisha akina mama. Mwaka 1918 huko Sweden, Robin Fåhræus alikuwa anatafuta namna ya kutambua mimba kwa damu. Aliona kwamba damu ya mwanamke mjamzito, ikiachwa itulie, ile sehemu nyekundu inashuka chini upesi zaidi. Unajua maji ya mto uliyoteka wakati wa mvua: ukiyaacha kwenye ndoo, tope linakwenda chini na maji safi yanabaki juu. Ndivyo ilivyo. Daktari wa Poland, Edmund Biernacki, alikuwa ameliona jambo hilo mwaka 1897. Kama kipimo cha mimba halikufaa, kwa sababu damu ya wagonjwa wengi pia ilishuka upesi. Mwaka 1921 Alf Westergren, wa Sweden vilevile, akalitumia kuwafuatilia wagonjwa wa kifua kikuu. Damu huwekwa katika mrija mwembamba uliosimama, inaachwa saa moja, kisha inapimwa imeshuka milimita ngapi. Mahali penye uvimbe mwilini, damu hujaa protini zinazofanya chembechembe nyekundu zishikane kama sarafu zilizopangwa, zikawa nzito, zikazama haraka. Kwenye karatasi ya maabara utaona herufi ESR.

Mwaka 1930, William Tillett na Thomas Francis huko New York waligundua protini nyingine inayojaa katika damu ya wagonjwa wa nimonia. Leo tunaiita CRP. Inatengenezwa na ini, na hupanda ndani ya saa chache mwili unapovamiwa.

Vipimo hivi viwili vinafanya kazi hadi leo, na ni vizuri. Lakini vinasema moto unawaka tu, havisemi ni nyumba ya nani. Jipu, nimonia, kifua kikuu, vidonda vya utumbo, vyote vinaweza kuvipandisha. Na wapo wagonjwa wa kolaitisi ya vidonda ambao CRP yao ni ya kawaida kabisa huku wakienda haja ya damu kila siku. Kwa hiyo daktari alibaki na njia ya kutazama. Mwaka 1957 Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alionyesha bomba laini la nyuzi za kioo linalopitisha mwanga hata likikunjwa, na alilimeza yeye mwenyewe kwanza. Mwaka 1969 William Wolff na Hiromi Shinya wa New York waliweza kupitisha bomba kama hilo katika utumbo mpana wote. Hiyo ndiyo kolonoskopi. Daktari anaona vidonda kwa macho yake na kuchukua kipande kidogo cha nyama cha kupeleka maabara. Ni kipimo cha kweli, lakini si rahisi. Kinataka hospitali kubwa, tumbo lisafishwe, mtoto alazwe usingizi. Kwa hiyo tamaa ya kupata jibu katika damu haikufa.

Hapa sasa ndipo jeni zinapoingia. Usiogope neno hilo, tutalichukua polepole.

Karibu kila chembe ya mwili wako ina kitabu kizima cha mapishi, yaani jeni zako zote. Chembe ya ini na chembe ya ngozi zina kitabu kile kile. Tofauti ni kurasa zinazofunguliwa. Aliye zamu ya chapati hafungui ukurasa wa samaki. Na kitabu chenyewe hakipelekwi motoni kisije kikaungua. Mpishi ananakili mapishi kwenye kijikaratasi na kwenda nacho. Kijikaratasi hicho ndicho wataalamu wanakiita RNA. Ukiokota vijikaratasi vyote vilivyotapakaa jikoni na kuvihesabu, utajua jikoni linapikwa nini leo, hata bila kufunua sufuria.

Chembechembe nyeupe za damu hupita kila mahali, na matumbo pia. Zinapoitwa vitani kwenye utumbo, hufungua kurasa ambazo siku za amani zimefungwa. Basi wazo likawa hili: tuchukue damu, tuokote vijikaratasi vya chembechembe nyeupe, tuone kama mtu mwenye ugonjwa wa Crohn ana vijikaratasi tofauti na mwenye kolaitisi.

Kusoma kimoja kimoja kungechukua umri wa mtu. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walionyesha namna ya kupanga jeni nyingi kwenye kioo kidogo na kuzisoma kwa pamoja. Jeni za kwanza zilikuwa 45, tena za mmea mdogo tu. Mwaka 2003 ikatangazwa kwamba kazi kubwa ya kusoma kitabu cha jeni za binadamu imekamilika. Katikati ya hapo, mwaka 2001, makundi mawili ya watafiti, moja la Ufaransa na moja la Marekani, yaligundua jeni iitwayo NOD2 ambayo ikiwa na kasoro humwongezea mtu hatari ya kupata ugonjwa wa Crohn. Watu wengi wenye kasoro hiyo, hata hivyo, huishi mpaka uzeeni bila kuugua. Kwa hiyo kujua kitabu kimeandikwa nini hakukutosha. Ilibidi kujua ukurasa gani umefunguliwa.

Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya damu ya watu 42 wenye afya, 59 wenye ugonjwa wa Crohn na 26 wenye kolaitisi ya vidonda. Waliweza kuwatenga wagonjwa na wazima, na hata kuwatenga ndugu hawa wawili kwa usahihi mzuri kwa kutumia jeni chache tu. Watu walifurahi, na walikuwa na haki.

Lakini ngoja nikuulize wewe mama. Umekuja kliniki na mtoto anayeendesha damu mwezi wa pili. Je, unahitaji mtu akuambie kwamba mtoto huyu si mzima? Unajua hilo tangu wiki ya kwanza. Unachotaka kujua ni ugonjwa gani. Kipimo kinachotofautisha mgonjwa na mzima kinajibu swali ambalo hukuliuliza. Kazi ngumu ni kutofautisha mgonjwa wa Crohn na mgonjwa wa ameba, au wa kifua kikuu cha matumbo, ambao wote damu yao imechafuka. Kwa maoni yangu hapo ndipo tafiti nyingi za aina hii huchechemea: zinapambanisha mgonjwa na mtu mzima wa afya, na matokeo yanapendeza kwenye karatasi.

Wapo waliofanya vizuri zaidi, na mfano mmoja umetokea hapa kwetu, ingawa ulihusu kifua kikuu. Mwaka 2014 zilichapishwa habari za watoto waliodhaniwa kuwa na kifua kikuu katika nchi tatu: 655 Afrika Kusini, 701 Malawi na 1,599 Kenya, huko Kilifi. Kifua kikuu kwa mtoto mdogo ni kigumu kutambua kwa sababu mtoto hatoi makohozi, anayameza. Watafiti walitumia damu ya watoto wa Afrika Kusini na Malawi kutafuta vijikaratasi vya jeni vinavyotenga kifua kikuu na magonjwa mengine yanayofanana nacho. Angalia vizuri, walitenga na magonjwa mengine, si na watoto wazima. Walipata orodha ya vijikaratasi 51, wakaijaribu kwa damu ya watoto wa Kenya. Kwa watoto ambao kifua kikuu chao kilithibitishwa kwa kuotesha vijidudu maabara, damu iliwatambua takriban 83 katika kila 100. Si kidogo. Lakini wale 17 waliobaki pia wana mama zao, na ndiyo sababu kipimo hicho hakikuingia kliniki kuchukua nafasi ya vingine.

Turudi kwenye matumbo. Huko Cambridge, Uingereza, wataalamu waliamua kuiuliza damu swali jingine. Hawakuuliza "ni ugonjwa gani?" bali "ugonjwa huu utakuwa mkali au mpole?" Mwaka 2011 walionyesha kwamba kundi moja la chembechembe nyeupe, ile jamii inayoitwa CD8, lina mtindo wa jeni unaotabiri ni nani ugonjwa wake utarudi mara kwa mara. Mwaka 2019 wakakirahisisha kikawa kipimo cha damu ya kawaida chenye jeni 17. Kilichobaki kilikuwa kukijaribu kwa haki. Wagonjwa 386 wa Crohn, waliogunduliwa karibuni katika hospitali za Uingereza, wakapimwa. Kisha, kwa bahati nasibu, wengine walipewa dawa kali tangu mwanzo, infliksimabu pamoja na dawa nyingine ya kutuliza kinga, na wengine wakapandishwa dawa ngazi kwa ngazi kama ilivyozoeleka. Matumaini yalikuwa kwamba damu itaonyesha nani anahitaji njia ipi.

Matokeo yalitolewa mwaka 2024. Damu haikusaidia kuchagua. Waliotabiriwa ukali na waliotabiriwa upole, wote walifaidika kwa kuanza na dawa kali mapema. Walioanza nazo, 79 katika kila 100 walitulia mwaka mzima bila kupasuliwa na bila kuhitaji steroidi tena. Waliopandishwa ngazi kwa ngazi, 15 tu katika kila 100. Kipimo kilichokuwa bwana harusi kikakaa pembeni, na aliyesherehekewa akawa dawa ya mapema.

Kwetu sisi ushindi huo una mlango mmoja wa kuangalia kwanza. Infliksimabu inaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala mwilini, jambo lililojulikana tangu 2001. Katika nchi yenye kifua kikuu kama yetu, daktari lazima ahakikishe mgonjwa hana kabla ya kumpa dawa hiyo. Kwa hiyo lile swali la mwaka 1932, huu ni Crohn au ni kifua kikuu, bado liko mezani kwetu, na ukikosea upande wowote mtoto anaumia.

Hadi leo hakuna kipimo cha jeni za damu ambacho peke yake kinatosha kumwambia mama kwamba mtoto wake ana ugonjwa huu. Utafiti unaendelea. Lakini ukikutana na watu wa mahema ya sokoni wenye kimashine kinachosema kinasoma magonjwa yote ya matumbo kwa kidole au tone la damu, weka pesa yako mfukoni, nunua maziwa.

Kilichowasaidia madaktari zaidi, cha kuchekesha, ni choo. Mwaka 1980 Magne Fagerhol na wenzake huko Oslo, Norway, walipata protini ndani ya chembechembe nyeupe ambayo baadaye iliitwa kalprotekini. Katika miaka ya 1990 ilionekana kwamba utumbo ukivimba protini hiyo humwagika kwenye choo, na inaweza kupimwa humo. Ikiwa ya chini, uwezekano wa vidonda ni mdogo na mtoto anaweza kuepushwa kolonoskopi. Ikiwa juu, utumbo umevimba, ingawa hata maambukizi ya kawaida huipandisha, kwa hiyo huangaliwa pamoja na mengine. Kipimo hiki hupatikana katika maabara kubwa za mijini. Tumbo limeulizwa lenyewe, hatimaye.

Basi wewe uliye kijijini au mtaani, ufanye nini? Mtoto akihara, mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, yaani ORS, na zinki kwa siku 10 hadi 14 kama utakavyoelekezwa, endelea kumnyonyesha na kumlisha. Usimpe dawa ya kufunga tumbo. Akilegea, macho yakizama, akashindwa kunywa au akatapika kila kitu, usingoje asubuhi. Damu kwenye choo ni safari ya kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kuhara kunakopita siku 14 nako ni safari, hata kama mtoto anacheza. Na mtoto mkubwa au kijana anayeamshwa na tumbo usiku, anayekonda, asiyeongezeka kimo kama wenzake, mwenye vidonda vya mdomo visivyokoma au vidonda karibu na njia ya haja kubwa, viungo vinavyouma, huyo mpeleke na useme yote hayo kwa pamoja. Dalili zikitajwa moja moja hupotea. Mtoto apimwe pia virusi vya ukimwi na kifua kikuu, na usione aibu. Vyote viwili vinaweza kuleta kuhara kwa muda mrefu na vyote vina dawa.

Karatasi za zamani usizitupe. Zipange kwa tarehe, uende nazo zote pamoja na kitabu cha kliniki chenye uzito wa mtoto. Ukiambiwa taifodi kwa mara ya tatu, uliza kwa heshima, "Daktari, ni kipimo gani kilichoonyesha? Choo chake kimeangaliwa?" Una haki ya kuuliza, na ukiona hakuna mwendo omba barua ya kupelekwa hospitali ya kaunti.

Na choo cha kupima kiwekwe kwenye kikopo safi ulichopewa, kijiko kimoja kinatosha, kisichanganyike na mkojo wala maji ya choo. Kama kuna makamasi au damu, chukua sehemu hiyo hiyo. Kikiwa cha majimaji kinatakiwa kuangaliwa ndani ya nusu saa hivi, kwa sababu ameba hufa upesi na ikifa haionekani tena, kwa hiyo ni afadhali mtoto aende haja pale pale kituoni kuliko kubeba kikopo kwenye matatu kwa saa mbili.